Kupima maada na joto lake: mwongozo kamili wa kemia ya mwanzo kwa maji, mafuta ya nazi na bolti tano

Debe la mahindi makavu na debe la mkaa huchukua nafasi ileile, lakini aliyewahi kujitwisha yote mawili anajua lipi linakandamiza shingo. Nafasi ni kitu kimoja, wingi wa maada uliomo ni kitu kingine. Lumbesa inamuumiza mkulima kwa sababu hiyohiyo: gunia ni kipimo cha nafasi, na nafasi inaweza kurundikwa juu ya mdomo wa gunia na kushonewa wavu, huku bei ikibaki ya gunia moja. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na hivyo navyo ni vipimo vya nafasi. Kemia haiendi popote mpaka mambo haya mawili yatenganishwe, kila kimoja kipimwe kwa chombo chake, na kila namba iandikwe pamoja na kizio chake.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye majaribio matano, kila moja likitegemea lililotangulia. Usiruke lile la kwanza hata kama linaonekana dogo. Makosa mengi ya jaribio la tano huzaliwa pale.

Vifaa

- Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu 1, na ikiwezekana ile ndogo ya masonara inayosoma g 0.01. Hii ndogo mara nyingi huishia g 200. Ukiizidishia mzigo inaweza kuharibika.
- Silinda ya kupimia ya ml 100. Ikikosekana, mabomba ya sindano ya ml 10 na ml 50 kutoka duka la dawa, bila sindano zake, yanafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani.
- Themometa ya maabara ya spiriti (rangi nyekundu au bluu) inayofika nyuzi 110, au ya kidijitali ya jikoni. Ya homa haifai kabisa: huishia nyuzi 42, na ukiitumbukiza kwenye maji moto itapasuka. Ya zebaki iache. Ikivunjika, mvuke wake ni sumu na vitone vyake hupotelea kwenye nyufa za sakafu.
- Bolti tano za chuma zinazofanana, zenye uzito wa gramu 60 hivi kila moja, zilizosafishwa grisi kwa sabuni na kukaushwa.
- Kikombe kizito cha plastiki chenye kifuniko, sufuria ndogo, uzi imara, karatasi ya chujio au kitambaa kizito cha pamba, saa inayohesabu sekunde.
- Mafuta ya nazi, chumvi, mchanga uliooshwa, siki, magadi soda ya kupikia, barafu.

Na daftari. Andika matokeo papo hapo, kwa kalamu, na namba uliyokosea ikate kwa mstari mmoja ili bado isomeke. Mara nyingi namba iliyokatwa ndiyo inayokuja kueleza kosa lilitokea wapi.

Kwanza: hakikisha vyombo vyako havikudanganyi

Tungamo ni kiasi cha maada, hupimwa kwa gramu au kilo. Uzito, kwa lugha ya sayansi, ni nguvu ambayo dunia inalivutia tungamo hilo. Mwezini uzito wako ungekuwa karibu sehemu moja ya sita, lakini tungamo lisingepungua hata gramu. Sokoni maneno haya mawili yamechanganyika na hakuna madhara, ila kwenye daftari la kemia andika tungamo. Kilo yenyewe ina historia nzuri. Tangu 1889 ilikuwa ni tungamo la kipande kimoja cha platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, na kilo zote duniani zililinganishwa nacho. Kuanzia 20 Mei 2019 kilo imefungwa kwenye namba ya kimaumbile isiyobadilika, kwa sababu kipande cha chuma, hata kitunzwe namna gani, huchakaa.

Mizani yako pia ilinganishwe na kitu, na kitu hicho ni maji.

1. Weka mizani mahali pasipo upepo wala feni, juu ya meza isiyotikisika. Iwashe, subiri dakika moja.
2. Weka kikombe kidogo kikavu, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri.
3. Vuta maji safi kwenye bomba la sindano mpaka ml 10. Ligeuze mdomo juu, ligonge kwa kidole mpaka viputo vipande, visukume vitoke, kisha rekebisha tena hadi ml 10 kamili.
4. Mimina yote, soma mizani.

Maji ya nyuzi 28 yana gramu 0.996 kwa kila mililita, kwa hiyo unatarajia g 9.96. Ukipata kati ya 9.8 na 10.1, vyombo vyote viwili vinafaa kwa kazi hii. Ukipata 9.5, rudia mara tatu kabla ya kulaumu mizani. Kwa kawaida ni kiputo cha hewa kilichojificha kwenye shingo ya bomba.

Themometa nayo ina vituo viwili vya kuikagua. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo tu ya kuziba mianya, koroga kwa kijiko, ingiza themometa katikati na usubiri dakika tatu. Inapaswa kusoma 0. Ukiweka maji mengi na vipande viwili vya barafu vinavyoelea, utapata 3 au 4 na kuilaumu themometa bure. Kituo cha pili ni maji yanayochemka, na hapa wengi hukwama: maji huchemka kwa nyuzi 100 pale tu hewa inapokandamiza kama ilivyo usawa wa bahari. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar utapata 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu meta 1,700 na zaidi, maji hayohayo huchemka kwa takribani 94. Kadirio la kutosha ni kupunguza nyuzi 1 kwa kila meta 300 za mwinuko. Kileleni mwa Kilimanjaro, meta 5,895, yanachemka kwa takribani nyuzi 80, na ukipika maharage huko utangoja sana. Basi andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Hapa kwetu maji huchemka kwa nyuzi ...". Utaihitaji namba hiyo baadaye.

Kipimo hiki cha nyuzi kilitokana na Anders Celsius wa Uswidi, mwaka 1742. Yeye alianza kwa kuweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Waliomfuata ndio waliogeuza. Kwenye hesabu za gesi utakutana na kelvini: chukua nyuzi za Selsiasi, ongeza 273.15.

*Kusoma silinda.* Maji ndani ya silinda ya kioo hupanda kidogo ukutani, uso wake ukabonyea katikati kama sahani. Soma sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo huo, jicho likiwa usawa wake. Ukisoma ukiwa umesimama na silinda iko mezani, unaangalia kwa mshazari kutoka juu na namba itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Inama, au piga goti. Usiinyanyue silinda mkononi, kwa kuwa mkono hauko wima kamwe. Kama mistari imepangwa kila ml 1, kadiria nusu yake: andika 58.0 au 58.5. Usiandike 58 tupu, maana aliyeona 58 hajui kama ulikadiria nusu au hukuiona. Wala usiandike 58.27, ambayo silinda hiyo haiwezi kukuambia. Kila tarakimu unayoiandika ni ahadi kwamba uliipima.

Pili: densiti ya mafuta ya nazi na ya bolti

Densiti (vitabu vingine huita msongamano) ni gramu ngapi zimo ndani ya mililita moja. Gawanya tungamo kwa ujazo, basi.

Kwa kimiminika, kanuni ni moja: pima kilichomo ndani ya chombo kilekile ulichosomea ujazo. Usimimine mafuta kutoka kwenye silinda kwenda kwenye kikombe kingine ndipo upime. Mafuta hubaki ukutani, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye jaribio hili.

1. Pima silinda tupu, kavu. Tuseme g 45.32.
2. Mimina mafuta polepole katikati bila kugusa ukuta wa juu, hadi ml 25.0. Mafuta yaliyonata juu ya mstari yanahesabiwa na mizani lakini hayahesabiwi na jicho, hivyo yafute kwa tishu iliyozungushwa kwenye kijiti.
3. Subiri viputo vipande. Mafuta ni mazito kutiririka, yape dakika tano.
4. Pima tena. Tuseme g 68.37.

Mafuta ni 68.37 − 45.32 = g 23.05. Gawanya kwa ml 25.0, unapata 0.922 g/ml. Kikokotoo hakina ubaya kwa namba hizi, lakini ukigawanya nyingine kikatoa tarakimu kumi, baki na tatu, kwa kuwa ujazo wako una tarakimu tatu zenye maana. Jibu haliwezi kuwa bora kuliko kipimo dhaifu kilichoingia ndani yake.

Andika halijoto kando ya jibu. Mafuta ya nazi huganda chini ya takribani nyuzi 24, na asubuhi ya baridi ya Iringa au Limuru yatakuwa meupe na magumu ndani ya chupa. Yaangalie yanapoyeyuka taratibu: mabonge yaliyobaki magumu huzama chini ya mafuta yaliyokwisha kuyeyuka. Maada karibu zote hufanya hivyo, yabisi yake ni nzito kuliko kimiminika chake. Maji ndiyo yaliyojitenga. Barafu ina 0.917 g/ml tu, ndiyo maana huelea, na ndiyo maana chupa ya maji iliyojazwa pomoni hupasuka kwenye friza.

Sasa bolti. Umbo lake haliwezi kupimwa kwa rula, kwa hiyo maji yatalipima.

1. Pima bolti moja kavu: g 62.40.
2. Weka maji hadi ml 50.0 kwenye silinda.
3. Iinamishe silinda, iteremshe bolti kwa uzi mpaka izame kabisa. Ukiiachia idondoke, itapasua kitako cha silinda au itarusha maji nje.
4. Tikisa uzi kidogo, viputo vilivyonasa kwenye meno ya bolti vitoke. Kila kiputo kinahesabiwa kama chuma.
5. Simamisha silinda, soma: ml 58.0.

Ujazo ni ml 8.0, densiti ni 62.40 ÷ 8.0 = 7.8 g/ml. Chuma kwenye majedwali ni 7.87, na moyo unataka kufurahi. Ngoja kwanza. Silinda yako ina wasiwasi wa nusu mililita: ujazo wa kweli unaweza kuwa 7.5 au 8.5, na densiti ikawa popote kati ya 8.3 na 7.3. Shaba ya njano iko karibu na 8.5, jirani kabisa na hiyo 8.3. Kwa bolti moja huwezi kuapa mbele ya mtu kwamba hiki ni chuma.

Dawa yake ni bolti tano kwa pamoja. Tungamo g 312, maji kutoka ml 50.0 hadi 90.0, ujazo ml 40.0, densiti 7.80. Nusu mililita sasa ni sehemu ndogo ya arobaini, na jibu limebanwa kati ya 7.70 na 7.90. Shaba imeondoka kwenye mjadala. Tazama pia kwamba mizani ya jikoni inayosoma gramu moja imetosha kabisa. Udhaifu ulikuwa kwenye silinda, na kununua mizani ghali zaidi kusingesaidia chochote. Kabla ya kutumia fedha kwenye kifaa, tafuta kwanza kipimo kipi ndicho dhaifu.

Kwa kulinganisha: alumini 2.70, shaba nyekundu 8.96, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Maji ya bahari ni takribani 1.025, mafuta ya taa karibu 0.8.

Tatu: kutenganisha mchanga na chumvi bila kupoteza gramu

Maada safi ni elementi, kama chuma, au kampaundi, kama chumvi, ambamo sodiamu na klorini zimefungamana kwa uwiano usiobadilika. Mchanganyiko hauna uwiano wa lazima na hutenganishwa kwa njia za kawaida: kuchuja, kuyeyusha, kukausha, sumaku. Maelezo hayo yanatosha. Kilicho kigumu ni kuutenganisha kweli.

Pima g 20.00 za mchanganyiko. Ongeza ml 50 za maji ya vuguvugu, koroga dakika tatu. Gramu 100 za maji hubeba takribani gramu 36 za chumvi, kwa hiyo ml 50 zinatosha kwa hadi gramu 18 hivi. Kuongeza maji mengi ni kujiongezea saa za kukausha. Chuja. Halafu fanya kile ambacho wanafunzi wengi hukisahau: osha mchanga uliobaki kwenye chujio kwa ml 10 za maji, mara mbili, na maji hayo yaingie pamoja na yale ya kwanza. Mchanga ambao haukuoshwa umebeba chumvi, na chumvi hiyo itahesabiwa kama mchanga.

Chemsha maji ya chumvi kwenye chombo kipana ambacho umekwisha kukipima kikiwa tupu. Maji yakikaribia kuisha na ukaona ukoko mweupe, punguza moto uwe hafifu sana. Hapo ndipo chumvi huanza kuruka kwa milio midogo, chembe zikimwagika mezani: maji yaliyonaswa ndani ya fuwele yanageuka mvuke ghafla na kuzipasua. Funika kwa sahani ya kioo iliyowekwa upande. Kausha, acha ipoe kabisa, pima. Irudishe motoni dakika tano, ipoe, pima tena. Rudia mpaka namba mbili zinazofuatana zilingane. Kitu cha moto usikiweke mizanini, kwa kuwa hewa inayopanda kukizunguka hukiinua na mizani husoma pungufu.

Tuseme umepata mchanga g 12.35 na chumvi g 7.41, jumla 19.76, yaani asilimia 98.8. Hiyo ni kazi safi. Ukipata zaidi ya 100, kuna maji hayajakauka. Ukipata 93, chumvi imeruka au imebaki kwenye chujio.

Nne: je, tungamo hupotea kitu kinapobadilika?

Siki ikikutana na magadi soda hutoa povu, na povu hilo ni kaboni dayoksaidi. Hapa umbo la maada limegeuka kabisa. Huwezi kuchuja ukarudisha siki yako. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, karne ya 18, alionyesha kwa mizani kwamba tungamo la vilivyoingia ni sawa na la vilivyotoka, mradi gesi isiachwe itoroke. Tujaribu.

Kwanza kikombe wazi. Pima ml 100 za siki kwenye kikombe chepesi cha plastiki, na g 4.2 za magadi soda kwenye karatasi. Andika jumla. Mimina soda kidogo kidogo, povu lisifurike. Likitulia, zungusha kikombe polepole, kisha pima vyote tena. Kwa hesabu, gramu 84 za soda hii hutoa gramu 44 za gesi, kwa hiyo gramu 4.2 zitatoa 2.2. Utaona upungufu wa karibu g 2.0, kwani ml 100 za kimiminika hubaki na hadi takribani g 0.15 za gesi iliyoyeyuka ndani.

Kisha chombo kilichofungwa. Watu wengi hutumia mfuko wa plastiki wenye zipu, nao huwapotosha. Mfuko ukivimba, unasukuma hewa ya nje ikae pembeni, na hewa nayo ina tungamo, takribani g 1.2 kwa lita. Mfuko uliovimba kwa lita moja utaonekana umepungua zaidi ya gramu moja hata kama hakuna gesi iliyotoka! Ni kama ndoo inavyokuwa nyepesi ndani ya kisima, ila kisima hiki ni cha hewa. Tumia chombo kisichovimba:

1. Chukua chupa ya soda ya plastiki ya ml 500, nzima, isiyo na mikwaruzo. Weka ml 50 za siki.
2. Pima g 1.0 ya magadi soda, si zaidi, ifunge kwenye kipande cha tishu.
3. Pima chupa, kifuniko na kifurushi kwa pamoja.
4. Tumbukiza kifurushi, funga haraka na kwa nguvu, zungusha polepole.
5. Chupa itakuwa ngumu mkononi. Likitulia povu, pima tena.

Namba hazitatofautiana isipokuwa kwenye tarakimu ya mwisho. Fungua kifuniko taratibu, kitoe mlio, kisha pima pamoja na kifuniko: sehemu ya gramu imeondoka. Chupa ya kioo usiitumie kamwe, wala usiongeze soda ili "ionekane vizuri". Chupa ya plastiki ya soda imetengenezwa kuvumilia msukumo, kioo hurusha vipande.

Tano: joto linakwenda wapi

Halijoto ni kile ambacho themometa inasoma. Joto ni nishati inayohama, hupimwa kwa jouli (J), kizio kilichopewa jina la James Joule wa Uingereza, aliyepima katika miaka ya 1840 jinsi kazi ya kukoroga maji inavyoyapasha. Kikombe cha chai ya nyuzi 80 na ndoo ya maji ya nyuzi 40 zinaonyesha tofauti: chai inakuunguza ulimi, lakini ndoo ndiyo yenye joto jingi la kukuogesha.

Gramu moja ya maji inahitaji J 4.18 kupanda nyuzi 1. Kumbuka namba hiyo kwa moyo.

*Barafu hadi mvuke.* Weka g 200 za barafu iliyopondwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo usiobadilika. Jiko la umeme ni bora kwa hili. Koroga kwa kijiko cha mti, soma themometa kila sekunde 30, andika. Usikorogee themometa yenyewe, na isiguse kitako cha sufuria. Kisha chora grafu, muda kwa mlalo na halijoto kwa wima. Utaona bapa karibu na 0 maadamu kuna barafu, mteremko wa kupanda, kisha bapa la pili kwenye kiwango cha kuchemka cha kwenu. Kwenye mabapa moto unaendelea kuingia lakini halijoto haisogei: nishati inatumika kuzitenganisha molekuli, hailengi kuziongezea kasi.

Kuyeyusha gramu moja ya barafu ni J 334. Kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni takribani J 2,260. Kwa zile g 200, tukihesabu kwa kJ (jouli elfu moja): kuyeyusha kJ 66.8, kupandisha kutoka 0 hadi 100 kJ 83.6, kukausha yote kJ 452. Kama jiko linaingiza J 200 kila sekunde, hizo ni takribani dakika 5 na nusu, dakika 7, na dakika 38. Ndiyo sababu maharage yakishaanza kuchemka punguza moto na ufunike: moto mkubwa hauyapandishi hata nyuzi moja zaidi, unachoma nishati ya kutengeneza mvuke tu. Na ndiyo sababu kuungua kwa mvuke ni kubaya kuliko kwa maji ya moto. Mvuke ukigeuka maji juu ya ngozi unaitua nishati yote hiyo hapo hapo.

*Kikombe nacho kinakula joto.* Changanya g 100 za maji ya nyuzi 26.0 yaliyomo kikombeni na g 100 za maji ya nyuzi 70.0. Katikati ni 48.0, lakini tuseme umesoma 46.5. Maji moto yametoa 100 × 4.18 × 23.5 = J 9,823. Ya baridi yamepokea 100 × 4.18 × 20.5 = J 8,569. Hizo J 1,254 za tofauti zimechukuliwa na kikombe kilichopanda nyuzi 20.5, sawa na J 61 kwa kila nyuzi. Andika namba hiyo chini ya kikombe chako.

*Bolti tena.* Chemsha zile bolti tano, g 312, zikiwa zimefungwa uzi, kwa dakika kumi. Kikombeni weka g 150 za maji, tuseme ya nyuzi 27.0. Zitoe bolti, zikung'ute mara moja, zitumbukize ndani ya sekunde mbili tatu, funika, zungusha, soma kiwango cha juu kabisa: 39.2. Maji na kikombe vimepanda nyuzi 12.2. Joto lililopokelewa ni (150 × 4.18 + 61) × 12.2 = J 8,394. Bolti zimeshuka kutoka 100 hadi 39.2, nyuzi 60.8. Gawanya 8,394 kwa 312 × 60.8, unapata J 0.44 kwa gramu kwa nyuzi. Chuma kwenye majedwali ni 0.45.

Ukikisahau kikombe, jibu linashuka hadi 0.40. Ukiwa Nairobi na ukaandika 100 badala ya 94, nalo linashuka. Ukipata jibu kubwa mno, bolti zilibeba maji ya moto: gramu 5 tu za maji hayo huleta zaidi ya J 1,200. Chuma kinapashwa kwa joto dogo mara tisa kuliko maji, ndiyo maana sufuria tupu ya chuma iliyosahauliwa motoni hupata moto mkali upesi kuliko yenye maji.

*Jiko lako linapoteza kiasi gani?* Lita moja ya maji kutoka nyuzi 27 hadi 100 inahitaji 1,000 × 4.18 × 73, karibu kJ 305. Birika la umeme la wati 2,000, yaani J 2,000 kila sekunde, likitumia sekunde 175, limekula kJ 350. Asilimia 87 imeingia kwenye maji. Uniti moja ya umeme ni kJ 3,600, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti.

Kwa mkaa, fanyia nje au mahali penye hewa nyingi, kwa sababu gesi yake haina harufu na huua. Pima mkaa mkavu, tuseme g 400. Washa, chemsha lita 2, na mara tu yanapochemka hamishia makaa kwenye kopo la bati, lifunike kwa nguvu mpaka yazimike kwa kukosa hewa. Usizime kwa maji: mkaa uliolowa utapima zaidi ya ulivyokuwa. Yakipoa, pima, tuseme g 310 zimebaki. Zimeungua g 90, na kwa takribani kJ 29 kwa gramu ni kJ 2,610. Maji yamepokea kJ 610. Asilimia 23 hivi ndiyo iliyofika kwenye sufuria, nyingine imepasha jiko, hewa na miguu ya mpishi.

Rudia mara tatu, siku isiyo na upepo, kwa sufuria ileile yenye kifuniko kilekile. Kama matokeo yanatofautiana kwa zaidi ya sehemu tano za mia, chunguza kwanza unyevu wa mkaa, kisha kifuniko, kisha ndipo jiko.